Chini ya Madumu ya Mafuta

Agosti ikikaribia kwisha, Midar nzima, mji wetu wa kaskazini mwa Moroko, hunuka petroli na mafuta ya zeituni. Ndugu zetu wa Ulaya, waliokuja Julai na magari yaliyolemewa hadi matumbo yanakwaruza lami, huanza kufungasha warudi walikotoka. Kila ua una gari lililofunguliwa buti, na kila buti lina mama aliyeinama akisukuma kitu ambacho hakitaki kuingia. Siku hizo watu wa mtaa wa juu huwa na kazi moja ya ziada, nayo ni kumkwepa Bi Mimunt.

Wala hawakumkwepa kwa ubaya. Ila Bi Mimunt hakusalimia kama watu wanavyosalimia. Alikuja na mkongojo wake, akalizunguka gari kama mtu anayetaka kununua ng'ombe, akachungulia vioo, kisha akauliza swali lake lile lile.

"Kizibao kiko wapi, Shaib?"

Shaib, kijana wa jirani anayeuza nyama huko Mechelen, Ubelgiji, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufunga kamba za juu ya gari. Alijifuta jasho.

"Kipo, shangazi."

"Sikukuuliza kama kipo. Nimekuuliza kiko wapi."

"Kipo humo ndani. Huko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Chini ya zulia. Zulia liko chini ya tini. Na tini ziko..." Shaib akaangalia buti lake.

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Vyote."

Mkewe, Fadma, alitoa kichwa dirishani. "Shangazi, haki ya Mungu, tumeanza kufungasha tangu asubuhi."

"Basi mtafungua hadi jioni. Safari yenu si ya leo."

"Polisi wa Uhispania wakikujua wewe, shangazi," Shaib alisema, huku tayari anafungua kamba, "wataenda kulala majumbani kwao."

Alitoa vyote. Hakuna aliyewahi kumkatalia Bi Mimunt, maana kila mtu alijua kilichompata. Zulia likatoka, tini zikatoka, mfuko wa unga wa shayiri ukapasuka pembeni ukamwaga ua mzima, na mwishowe kikaonekana kizibao cha manjano kinachong'aa, kile dereva anachovaa aonekane gari likiharibika barabarani, kimekunjamana kama tambara la jikoni. Bi Mimunt alikikung'uta mwenyewe, akakivika kwenye mgongo wa kiti cha dereva, akauliza cha Fadma kiko wapi, akauliza pembetatu nyekundu ya tahadhari iko wapi. Hakuridhika hadi pembetatu ilipochomekwa karibu na mlango, mahali ambapo mtu hahitaji kuinama wala kupekua. Kisha akaondoka bila kuaga, na nyuma yake Fadma akasema polepole kwamba maskini, akili zimemyumba.

Akili zake hazikuwa zimeyumba. Bi Mimunt aliona kitu ambacho wao hawakukiona, basi.

Alimwona Haddu. Kila gari lililofunguliwa buti, mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake, ameinama, kiuno kimekunjika, mikono inachakura ndani ya mizigo. Alivaa shati lake la buluu iliyokolea, lile alilosafiri nalo. Hakugeuka hata mara moja. Bi Mimunt alimjua kwa kisogo, kwa masikio yaliyotoka nje kidogo kama ya marehemu baba yake, na kwa namna alivyokuwa akisimama amelalia mguu mmoja. Alichakura na kuchakura. Na pale tu kizibao kilipotolewa kikaning'inizwa kitini, Haddu hakuwepo tena, hadi buti la jirani mwingine lifunguliwe.

Mama gani angelala nyumbani wakati mwanawe anahangaika hivyo juani? Ndiyo maana alipita ua kwa ua.

Zamani Bi Mimunt ndiye aliyekuwa fundi wa kufungasha katika mtaa ule. Wanawake walimwita aje awapangie, kwa sababu alikuwa na jicho la kuona nafasi pale wengine wanapoona chuma. Tini kavu alizijaza ndani ya viatu, lozi ndani ya birika jipya, na chupa za asali alizifunga kwa fulana za watoto. Na mafuta ya zeituni ya shamba lake mwenyewe aliyatia kwenye madumu makubwa, akayapanga mwisho, juu ya vyote, ili yasibanwe yakapasuka. Kwetu mtoto harudi Ulaya na gari jepesi. Gari jepesi maana yake mama amekasirika, au mama hana, na mambo yote mawili ni aibu.

Mwaka ule watoto wake wote wawili walikuwepo. Haddu alikuja na mkewe Rabha na wanawe. Dada yake, Luiza, alikuja na mumewe Buzyan, mtu wa kununa, ambaye njiani alikuwa amekamatwa Uhispania kwa kukosa vizibao, na faini ile akaihubiri kiangazi kizima kama vile Luiza ndiye aliyetunga sheria za Uhispania. Haddu yeye alikuwa mwangalifu. Kila nchi anayopita alijua inataka nini: hapa pembetatu, pale mtungi wa kuzimia moto, kwingine kisanduku cha dawa na balbu za akiba. Vizibao vyake vilikaa katika kimfuko nyuma ya kiti chake. Watu walimcheka wakasema amekuwa Mbelgiji.

Siku ya kuondoka, gari la Haddu lilioshwa ndani na nje, na kila kilichokuwemo kikatandazwa uani juu ya mkeka. Mama yake ndiye aliyevirudisha, pamoja na vyake. Alifungasha huku analia na kutoa amri, mtaa mzima umejaa uani, huyu anabusu watoto, yule anadai asahauliwe na wote lakini asisahauliwe na Haddu. Luiza alimkumbatia kaka yake, Haddu akasema, "Mama, gari litazaa hili," wote wakacheka, akaondoka. Luiza na Buzyan wangefuata wiki iliyokuwa inakuja.

Yaliyobaki aliyaleta Rabha, alipokuja na jeneza.

Tairi lilipasuka upande ule wa Uhispania, jioni, mwanga umeanza kufifia. Haddu alisogeza gari pembeni, akawatoa mkewe na watoto, akawavusha chuma cha kando ya barabara, akawaambia wasisogee. Kisha akarudi nyuma ya gari, akafungua buti, akaanza kutafuta vizibao. Rabha alimpigia kelele aachane navyo. Alikwisha kutoa mifuko, alikuwa amekumbatia dumu la mafuta, shati lake la buluu limeshaanza kuwa giza na barabara giza. "Mama ameviweka wapi?" aliuliza. Rabha alisema ndilo neno la mwisho alilolisikia kwake, maana lori halikumwona.

Rabha hakusema hivyo kwa kulaumu. Alisema kwa sababu alikuwa mke wake, na mama ana haki ya kujua neno la mwisho la mwanawe. Laiti angelimeza neno hilo! Bi Mimunt hakumwambia mtu. Lakini alijaribu kukumbuka mikono yake siku ile, kimfuko kile alikiweka wapi, na hakukumbuka. Alikumbuka madumu tu. Alihitimisha kwamba mafuta yake yamefunika vizibao, na hivyo yamemfunika mwanawe.

Tangu hapo hakufungasha tena. Zeituni zake zilikamuliwa kama kawaida, madumu yakajaa ghalani, akawapa maskini, akawapa msikiti, akawauzia wapita njia. Luiza alipokuja kila kiangazi, alikaribishwa, alipikiwa, wanawe walibusiwa hadi mashavu yakawa mekundu. Lakini siku ya kuondoka mama yake alikaa kibarazani, mikono mapajani, na gari la Luiza likatoka Midar tupu kama gari la mtalii. Majirani walitazama. Majirani wa kwetu wakitazama, huhitaji kusubiri wafungue midomo.

Mwaka huu Luiza hakuvumilia. Kesho yake ilikuwa safari, na mchana ule, Buzyan amepeleka watoto kwa shangazi zao, mama na binti walikuwa wamekaa jikoni wanachambua kunde.

"Mama, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza."

"Mimi ni mwanao?"

Bi Mimunt akaacha kunde. "Maneno gani hayo?"

"Ni mwanao au si mwanao?"

"Umepigwa na jua wewe."

"Fadma anaondoka na mafuta yako. Fadma! Nimeyaona kwenye gari lao, Shaib amekuja kununua. Mimi mwanao wa kuzaa nanunua mafuta dukani Mechelen, ya chupa, nawaambia watu yametoka kwa mama." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Mama mkwe wangu ananiuliza, umemkosea nini mama yako? Namwambia sijui. Kila mwaka naondoka hapa na gari tupu kama mtu aliyefukuzwa."

"Hujafukuzwa na mtu."

"Basi kesho nifungashie. Hata dumu moja. Hata tini za kuweka mfukoni. Ukikaa tena pale kibarazani mikono mapajani, mama, nakuapia, sitakuja tena. Nitajua umenikata, na mimi nitakubali nimekatwa."

Bi Mimunt alitaka kusema. Angemwambiaje, kwamba mikono hii hufungasha mauti? Alisema tu, "Njia ni mbaya, mwanangu. Gari jepesi ni salama," na Luiza akainuka akatoka, akaacha kunde nusu.

Asubuhi, gari liliwekwa uani, buti wazi. Buzyan alikuwa ameingia msikitini kuwaaga watu, watoto wanakimbizana na kuku wa jirani. Bi Mimunt alitoka nje akakuta Haddu amekwisha kufika. Ameinama nyuma ya gari la dada yake, shati la buluu limemshika mgongoni. Na buti lilikuwa tupu! Alikuwa anachakura ndani ya buti tupu, mikono inakwangua zulia la chini, na hilo lilimtisha mama yake kuliko miaka yote iliyopita. Kama hakuna mzigo, anatafuta nini?

Hakukaa kibarazani. Miguu ilimpeleka ghalani, na huko akamkuta Luiza amesimama mbele ya madumu, hakugusa hata moja, anayatazama tu machozi yakimtoka.

"Najua kwa nini hunipi," Luiza alisema bila kugeuka. "Nimejua miaka yote. Jana nilijifanya sijui, nione kama utalisema mwenyewe."

"Unajua nini?"

"Unajua nilikichukua."

"Ulichukua nini?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Kimfuko cha Haddu. Vizibao." Aligeuka sasa, uso umevimba. "Vitu vyake vilikuwa kwenye mkeka. Buzyan alikuwa ameniambia ninunue sokoni nikasahau, na wewe unamjua Buzyan, angeniimbia hadi Ubelgiji. Nikaona cha Haddu kipo pale. Nikasema cha kaka yangu ni changu, nitamwambia, atanunua vingine bandarini. Nikakitia kwenye mkoba wangu. Halafu watu wakajaa, unalia, analia, ananikumbatia, na kimfuko kiko begani kwangu, mama, kilikuwa begani kwangu! Nikakumbuka meli yao ya kuvukia Uhispania imeshaondoka. Nikajisemea, atapigwa faini tu. Nitamlipia. Faini tu, nilifikiri."

Alikaa chini juu ya sakafu ya udongo.

"Nikajua Rabha amekwambia hakuvaa kizibao, na wewe ukajua kwa nini, maana uliona kila kitu pale uani, wewe huwa unaona kila kitu. Ukaamua kutoniadhibu kwa mdomo. Ukaninyima. Sikulaumu. Nilitaka tu uniambie."

Mafuta ya Bi Mimunt hayakumfunika mtu. Mikono yake ilikuwa safi, ilikuwa safi siku zote. Kitu kilimlegea kifuani kwa namna ambayo alikuwa ameisahau, na tusimwonee haya, ilikuwa raha. Alisimama katika ghala lake nusu giza, akavuta pumzi, na pumzi ikafika chini kabisa. Kwa muda mfupi alikuwa mwanamke ambaye hajaua.

Kisha akamtazama binti yake.

Luiza alikuwa ameinama pale sakafuni, kiuno kimekunjika, na mabega yake yalikuwa yale yale ya kaka yake. Leo hii atashika njia ile ile. Watoto watakuwa nyuma, usukani mikononi mwake zamu ya jioni, maana Buzyan macho yake hayaoni jioni. Na kila gari litakalosimama pembeni limewasha taa, huyu ndiye atakayemwona Haddu. Bi Mimunt alijua vilivyo jinsi mtu anavyoishi na mgongo ule. Yeye alikuwa mzee, alikuwa na ua wa kutembelea na mkongojo wa kujishikiza. Huyu alikuwa na miaka mingi mbele yake, na watoto.

"Inuka," alisema.

"Mama..."

"Inuka, utajichafua. Unalia bure. Haddu alikuwa na vizibao."

Luiza aliinua uso.

"Alinunua vingine," Bi Mimunt alisema. Sauti yake ilitoka kavu na ya kawaida, kama anaongea habari za kuku. "Asubuhi ile ile. Alikitafuta kimfuko kwenye mkeka hakukiona, akasema, Luiza huyu, najua ni yeye, akacheka. Akaenda sokoni akarudi navyo. Akanipa mkononi, akaniambia, mama, hivi viweke karibu. Na mimi nikaviweka chini ya madumu."

Hakuna neno moja la kweli katika hayo. Haddu hakwenda sokoni asubuhi ile, hakutafuta kimfuko, hakucheka kwa ajili hiyo.

"Unaniongopea," Luiza alisema, lakini alisema kama mtu anayeomba akataliwe.

"Muulize Rabha. Muulize alikuwa anafanya nini alipogongwa. Alikuwa anapekua mizigo. Alisema, mama ameviweka wapi? Rabha amesikia kwa masikio yake. Sasa mtu atapekua kitu ambacho hakimo?"

Bi Mimunt aliona maneno yanavyomwingia Luiza, moja moja, yanavyopata mahali pa kukaa. Aliona mabega yanashuka. Aliona pia jambo jingine, ambalo alikuwa amelitarajia na bado likamchoma. Luiza alimtazama yeye, kisha madumu, kisha yeye tena.

"Kwa hiyo ni mafuta yako," Luiza alisema polepole.

"Ni mafuta yangu."

"Ndiyo maana hunipi."

"Ndiyo maana."

Luiza alinyanyuka. Kwa muda hakumsogelea mama yake, na Bi Mimunt hakumsaidia, alisubiri, kwa kuwa alikuwa amejitwika lawama ile, na hili lilikuwa ndilo lililobaki kupokewa. Ndipo binti akamkumbatia. Alimkumbatia kama mtu mzima anavyomkumbatia mgonjwa, akimpigapiga mgongoni, akisema, "Hukujua, mama. Hukukusudia. Mungu anajua hukukusudia." Bi Mimunt aliyapokea yote, akasema, "Amina."

Wakafungasha pamoja. Vizibao vilivikwa kwenye migongo ya viti, hata vya watoto, na pembetatu ikakaa mlangoni, na kisha zikaingia tini, na lozi, na unga, na dumu la mafuta, na la pili. Buzyan aliporudi akasema gari litagusa lami. Luiza alimwambia aache kuimba, ashike kamba. Majirani walitoka kutazama, na safari hii macho yao yalikuwa na kitu cha kutazama. Fadma alipiga kigelegele. Luiza aliondoka anapunga mkono hadi kona ya mwisho, uso wake mwepesi kama wa msichana, na mama yake akapunga hadi vumbi likatua.

Alipogeuka, Haddu hakuwa ameondoka.

Hakukuwa na gari wala buti. Alisimama katikati ya ua, mahali mkeka ulipokuwa umetandikwa mwaka ule, na kwa mara ya kwanza tangu afe alikuwa amegeuza uso. Haukuwa na jeraha. Ulikuwa uso wa mtoto wake anapouliza kitu, ana haraka, ana imani kwamba mama anajua. Na sasa mama alijua.

Bi Mimunt alifungua mdomo. Lilikuwa jina moja tu la kutaja, la Luiza; angelitaja na mwanawe angepumzika. Aliangalia barabarani, kule gari la binti yake lilikopotelea.

"Viko chini ya madumu, mwanangu," alimwambia. "Tafuta chini ya madumu."

Haddu alimwamini. Akamgeuzia mgongo, akainama, akaanza kutafuta.